Kuzama kwa Kiasi

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Mke wangu bado hasemi nami. Anasema na paka. Leo asubuhi amemwambia paka kwamba chai iko mezani, na kwamba kuna mtu asitoke tena bila kufunga mlango. Paka hakujali. Nimejali mimi.

Kosa langu? Dogo mno. Niliwaonyesha wateja wa saluni jinsi anavyokoroma. Nilimwigiza kidogo tu, mashine ya kunyolea mkononi. Walicheka, wakataka tena. Nikarudia. Habari zikafika nyumbani kabla yangu.

Nyumba bila sauti yake ni kama redio iliyoishiwa betri. Nimekaa natazama vumbi likielea kwenye mwanga wa dirisha. Nalo limeninunia.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Wazo! Kichwa hiki si cha kufugia nywele tu. Nimetembea, nimeona dunia. Shule niliiacha mapema kwa sababu ilikuwa inanichelewesha.

Tangu tuchumbiane, mke wangu huota kuliona ziwa la chumvi. Kaka yake, dereva wa lori, hupakia chumvi huko kila Jumamosi. Tutakwenda naye. Tukifika, nitazama. Si kuzama kabisa. Kuzama kwa kiasi. Nitatapatapa, naye ataniita kwa sauti mbele ya watu. Akishaniita, ugomvi umekwisha!

Shemeji ameniuliza kama najua kuogelea. Nimemwambia samaki wengine niliwafundisha mimi. Akacheka kile kicheko chake cha puani. Ana wivu, maskini. Nimemnyoa bure hata hivyo.

Jioni paka kaarifiwa kwamba mama wa nyumba hii atakwenda ziwani, kwa ajili ya ziwa, si kwa ajili ya mtu.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Naandika jicho moja limefumba. Chumvi.

Sikujua dunia inaweza kuwa nyeupe namna ile. Mbingu juu, mbingu chini, na katikati kina mama na reki zao, wakivuta chumvi kutoka majini na kuirundika, polepole, kana kwamba wanapalilia mawingu. Hakuna aliyepaza sauti. Mke wangu alivua viatu, akashika pindo la gauni, akasimama. Alikuwa anatabasamu, hamtazami mtu. Nilimwangalia mpaka nikakaribia kusahau kuzama.

Lakini mpango ni mpango. Nikasogea mbele, nikajitupa. Nazama! Mke wangu, nazama!

Maji yakakataa. Yakaniinua kama kizibo. Nikisukuma kichwa chini, miguu inapanda. Nikibana miguu, tumbo linachomoza. Nikajigeuza, nikajipinda, wapi! Mama mmoja akawaita wenzake waje kumwona mwanaume aliyekataliwa na ziwa. Mwingine akauliza kama nimeshakauka vya kutosha kuwekwa rundoni. Shemeji, kutoka juu ya lori, akawa ananitia moyo: kaza buti shemeji, usikate tamaa, utazama tu!

Nikachoka. Nikajilaza chali. Masikio yakaingia majini na ulimwengu wote ukanyamaza. Upepo ukanichukua taratibu. Ndege weupe wakapita, sijui juu yangu au chini yangu. Mwili ukawa hauna uzito, wala majivuno. Nikawaza jinsi anavyoniita maji ya kuoga yakishachemka, jinsi anavyoniita akiona panya, jinsi anavyoniita halafu akasahau alichotaka. Nikaona sihitaji kingine duniani. Machozi yakanitoka, ya kweli, yakaenda kuongeza chumvi ya watu.

Kitu kikanasa mkanda wangu. Reki. Mwisho wa mpini, mke wangu, gauni limelowa. Akanivuta.

“Simama, wewe,” akasema. “Maji ya magotini haya.”

Nikasimama. Kweli, ya magotini.

Kanambia mimi! Mimi mwenyewe, ana kwa ana! Njia nzima kwenye lori hakunyamaza: kwamba sina akili, kwamba suruali yangu imekakamaa kama ubao, kwamba nisisugue macho, kwamba umeona lakini lile ziwa, baba, umeliona? Nilisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua kwenye mabati.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Nyumba imejaa sauti. Nimegombezwa kwa chumvi niliyomwaga sakafuni. Nikaimwaga tena kidogo, makusudi.

Ameniomba jambo moja tu: ya ziwani yaishie ziwani, asisikie yakichekwa saluni. Nimeapa. Nimeapa kwa moyo wangu wote, na moyo wangu ni mkubwa.

Jumanne, tarehe 12 Agosti

Mteja kaniuliza macho yamekuwaje. Mteja lazima ajibiwe, ndiyo biashara.

Nimegusia tu. Kwamba kina kingemeza nyumba ya ghorofa. Kwamba wimbi liliniburuta. Kwamba mke wangu alijirusha majini akilia, akinisihi nisimwache mjane, na kwamba mwishowe ni mimi niliyemwokoa yeye. Nikaigiza kilio chake. Watu wakasimama, povu kidevuni, wakapiga makofi. Siku njema!

Halafu nikatazama kwenye kioo. Yuko mlangoni, kashika chakula changu cha mchana. Sijui tangu saa ngapi. Akakiweka juu ya kiti kitupu, akakiambia kiti kwamba chakula kitapoa, akaondoka.

Si neno. Shemeji anasema kuna mlima unaotoa moshi, safari ya siku moja kwa lori. Nimemuuliza, mtu akiteleza kwa kiasi pale juu, chini kuna majani laini?