Nani Atampinga Shefu?

Inatangazwa kwa walimu wote wa Masisi na Walikale, wa milimani na wa msituni, kwamba kuanzia Jumatatu kutakuwa na uhuru wa maoni. Uhuru utafunguliwa saa mbili asubuhi kwa hotuba ya Mratibu. Watakaochelewa kuwa huru wataandikwa majina.

Hivyo ndivyo Papa Damascène Karangwa, Mratibu wa Mafunzo ya Mbali ya Walimu, tawi la Mweso, huku mashariki ya Kongo, alivyozindua jukwaa la mjadala la mtandaoni. Lilikuwa jambo la busara kabisa. Barabara ya Walikale ikiwa na matope, ao ikiwa na mambo mengine yasiyo matope, walimu hawawezi kukusanyika. Basi wakusanyike ndani ya simu. Kila mmoja apande kilima chake, atafute rezo, yaani mtandao, asome maoni ya mwenzake na ayajibu.

Masharti yaliyotoka kwa wakubwa wake yalikuwa na kifungu kimoja tu cha kuudhi. Kila mshiriki, Mratibu akiwemo, lazima maoni yake yapate japo mpinzani mmoja mwenye hoja. Asiyepingwa atahesabiwa kuwa hakuchangia kitu. Na mratibu asiyechangia kitu, mwezi ukiisha, atarudi darasani kushika chaki. Damascène alikuwa amesahau hata chaki inashikwaje. Siku hizi alikuwa na kiti kinachozunguka, na alikipenda kile kiti kuliko alivyoweza kumwambia mke wake.

"Kupingwa tu?" alimwambia katibu wake, Mama Annonciata, huku akijizungusha. "Hiyo iko kazi ya mutoto! Bantu ba huku banapenda kubisha sana."

"Banabishaka, shefu," Annonciata akajibu. "Ila hapana mbele ya mukubwa."

Damascène hakumsikia, maana kiti kilikuwa kinalia, kilihitaji mafuta.

Jumatatu akaandika maoni yake, akayasoma mara mbili kwa kuyapenda: "Mvua ikipiga mabati na sauti ya mwalimu isisikike, mwalimu aongeze sauti." Kisha akangoja kupingwa.

Mgeni anaweza kushangaa kwa nini hakupingwa. Sisi wenyeji tusijifanye kushangaa. Kikao chetu kina mpango wake: wadogo wanasema, wakubwa wanasema, halafu mkubwa kuliko wote anafunga. Akishafunga, watu wanatafuta kofia zao. Damascène, kwa kiherehere chake, alianza yeye. Walimu wakapanda vilima, toka Muheto mpaka Mubi, wakakuta mkubwa ameshasema. Kwa heshima zote wakaandika "Aksanti, shefu," wakashuka kwenda kupalilia maharagwe.

Ni Albert Byamungu peke yake, mkurugenzi wa shule kule Mubi, aliyeongeza neno. "Shefu, protokoli yote ikiheshimiwa," aliandika, "mvua yenyewe imesikia."

Damascène akapiga meza. Papo hapo akatoa agizo: upinzani ni wa lazima, na atakayekubali atahesabiwa kuwa amekataa. Walimu wakapata shida ya kweli. Agizo ni agizo, lazima wapinge. Lakini wampinge nani? Wakatazama juu, wakaona haifai. Wakatazama pembeni, wakaona ni wenzao wa kukutana nao sokoni. Mwishowe wakatazama chini kabisa, wakamwona Elodie.

Elodie alikuwa mwalimu wa Muheto, mpya kuliko wote, tena mdogo kuliko wote. Alikuwa ameandika kwamba mvua ikianza, watoto waandike. Ikikatika, wasome kwa sauti. Maskini! Walimrukia wote kwa mpigo. Albert akauliza watoto wasio na daftari wataandika wapi. Mwalimu Mapendo wa Walikale akauliza wataonaje, maana mvua ikija madirisha yanafungwa na darasa linakuwa giza. Elodie akamjibu huyu, akakubali kosa kwa yule, akarekebisha hoja yake, akawauliza na wao swali. Wakamrudia tena. Watu wakasahau kushuka vilimani, na kwa aibu ya kila mmoja, wakaanza kujifunza.

Damascène akashangilia mpaka alipotazama chini ya maoni yake mwenyewe. Aksanti tupu.

Basi akaamua kujishusha. Akaandika upumbavu, kwa makusudi na kwa jasho: "Mvua ikianza, mwalimu atoke nje aikataze." Hapo, alijiambia, hata jiwe litabisha.

"Aksanti, shefu," akajibu Albert. "Hapa Mubi tumeisha kuanza. Balimu batatu balilowana, ila moyo iko juu."

Siku zilikuwa zinakwisha. Damascène akaacha kuzunguka, akamgeukia Annonciata.

"Mama, nakuomba. Shika simu, andika neno moja tu: hapana."

Annonciata akaangalia mlango, akaangalia dirisha.

"Shefu, miye niko na batoto."

"Mimi mwenyewe njo ninakuomba!"

"Njo maana ninaogopa."

Ilimuuma, jamani. Alikuwa ametumia maisha yake yote kuwa mtu asiyebishiwa, na alikuwa amefaulu vizuri mno. Siku ya mwisho akameza fahari yake, akampigia Elodie.

"Dada Elodie, leo unipinge. Hii iko agizo."

Upepo wa kilima cha Muheto ukavuma ndani ya simu.

"Shefu, nikikupinga sababu umeniamuru, sitakuwa nimekupinga. Nitakuwa nimekutii."

Damascène akafikiri. Ilikuwa kweli.

"Sasa ukatae agizo yangu!"

"Nikatae, shefu?"

"Kataa kabisa! Usiogope kitu!"

"Haya, ninakataa," Elodie akasema kwa upole. "Sitakupinga."

Simu ikakatika, na jukwaa likafungwa.

Uamuzi wa wakubwa ulifika haraka kuliko mshahara. Mwalimu Elodie, mshiriki aliyepingwa kuliko wote katika Masisi na Walikale, ndiye Mratibu. Papa Damascène, ambaye maoni yake hayakumgusa mtu yeyote, apewe darasa la tano. Kiti kikafungwa nyuma ya pikipiki, kikaondoka Mweso kwenda Muheto kikizunguka chenyewe kwa kila shimo la barabara. Walimu wote wakamwandikia Elodie kwamba walijua tangu mwanzo.

Asubuhi yake ya kwanza darasani, Damascène alishika chaki, akaandika hesabu ubaoni, akageuka kwa madaha. Msichana mmoja wa benchi la mbele akanyoosha kidole.

"Mwalimu, umekosea."

Damascène akautazama ubao, kisha akalitazama darasa.

"Nani mwingine anaona nimekosea?"

Darasa zima likanyoosha vidole, likipiga kelele, wengine wamesimama juu ya mabenchi ili waonekane. Kila mmoja alikuwa na hoja yake. Papa Damascène akatoa simu mfukoni, akawaomba warudie polepole ili aandike, mpaka alipokumbuka kwamba mwezi umekwisha.