Kilichopigwa Nyumbani Kwangu ni Steki

Mbotela, Nairobi
Jumatano, Agosti 1979

Kwa Mama Nabwire,
Mwalimu wa Kikundi cha Mapishi cha Akina Mama,
Ukumbi wa Kanisa, Mbotela.

Mama Mwalimu mpendwa,

KUHUSU: STEKI YAKO NA JINA LANGU

Nakusalimu kwa heshima, na kwa kuwa nimeishi jirani na watu wa kwenu miaka mingi, naongeza na mulembe. Nyumbani kwangu wote ni wazima, isipokuwa mimi.

Mimi ni Naftaly Ndung'u, fundi seremala, mume wa Wacera, yule mwanafunzi wako anayeketi mstari wa mbele na kuuliza maswali mpaka wenzake wanaanza kutafuta viatu. Nakuandikia kwa sababu ya kile chakula ulichowafundisha mwezi uliopita: steki inayopigwapigwa hadi iwe nyembamba, ikapakwa unga na mayai, ikaviringishwa kwenye mkate uliosagwa, ikakaangwa, kisha ikamwagiwa mchuzi mzito wa maziwa na pilipili manga. Najua ulijifunza kwa yule Mmarekani uliyempikia huko Karen, na sina neno naye. Aliishi peke yake katikati ya miti. Hata angepiga ng'ombe mzima, nani angesikia? Sisi wa Mbotela, mama, tunagawana ukuta.

Jumapili hii baada ya ibada watu watachagua mzee wa kanisa wa mtaa wetu, na jina langu limo. Sitakuficha, nautaka uzee huo. Nimenunua tai. Wazee hukutana kila Jumamosi alasiri na mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria mahali pa kuketi. Lakini tangu steki yako iingie nyumbani kwangu jina langu linachafuka kila kukicha, na ndiyo maana nakuomba usome malalamiko haya bila kucheka. Nimeyapa nambari ili usiruke hata moja.

1. Mkate. Uliwaambia akina mama kwamba mkate wa kusaga uwe wa jana. Hebu niambie, Mbotela nzima ni nyumba gani yenye mkate wa jana? Kwangu mkate ukifunguliwa, kabla chai haijapoa imebaki karatasi. Basi ili nusu mkate ulale, ilibidi ufichwe. Ukawekwa juu ya kabati, binti yetu Wakiuru akaunusa. Ukahamishiwa chini ya kitanda, akaupata. Mwishowe ukalala ndani ya mfuko wa koti langu la Jumapili, mahali ambapo hakuna mtoto anayethubutu kutia mkono. Ulipotolewa, hakuna aliyekumbuka kukung'uta mfuko. Siku iliyofuata, katikati ya maombi, nikachomoa kitambaa cha jasho, na chembe za mkate zikamwagika hadi kwenye viatu vya mke wa mchungaji. Alinitazama kwa huruma, akaamini kwamba nimekuja kanisani na kiamshakinywa changu.

2. Paka. Wewe una kile kinyundo chako chenye meno. Sisi hatuna. Ikachukuliwa nyundo yangu ya mbao, ile ya kugongea patasi, ikaoshwa kwa sabuni na maji moto, ikatumika, ikaoshwa tena, ikarudishwa kwenye kikapu changu cha kazi. Jumatatu natembea kwenda kibandani kwangu Jogoo Road, nageuka nyuma, salaala! Paka watatu. Wamenifuata hadi kazini na wamekaa hapo hapo mpaka leo. Juzi mteja aliyekuja kuagiza kitanda cha arusi aliniuliza kama nauza samaki pia.

3. Soko la Burma. Hili linaniuma zaidi. Tangu nifike Nairobi, kila Jumamosi mchana nimekuwa nikienda Burma kwa Thuo, muuzaji nyama, na rafiki zangu kina Phares. Tunakula mbavu za mbuzi zilizochomwa, juu ya ubao, kwa chumvi na kachumbari, kama wanaume. Wacera nilikuwa namletea kipande kimefungwa gazetini, kikifika kimepoa, na wino wa habari za michezo umeshika kwenye mafuta. Hakuna aliyelalamika. Kisha steki yako ikaja. Jumamosi iliyofuata nikakaa kwa Thuo, nikatia kipande cha mbavu mdomoni, na kabla sijajizuia nikauliza kama hakuna mchuzi wa maziwa kidogo.

Mama, Phares aliacha kutafuna. Thuo aliweka kisu chini, akanigusa paji la uso, akaniuliza kama mama yangu bado yuko hai. Tangu siku hiyo nikionekana tu mlangoni wananisogezea pakiti ya maziwa, ile ya pembetatu, na mrija juu. Nimeacha kwenda. Sasa Jumamosi yote niko nyumbani, na unajua wewe mwenyewe, mwanamume akionekana nyumbani Jumamosi hapa Mbotela, watu husema ni mgonjwa au amefutwa kazi.

4. Ukuta. Sasa tufike penyewe. Nyuma ya ukuta wa jikoni kwetu anaishi Patrobas Wekulo, mtu mwema, mwimbaji wa kwaya, na wengine wanasema naye pia anautamani uzee wa kanisa. Jumamosi za kwanza za steki yako alikuwa kiwandani kwa zamu. Jumamosi iliyopita alikuwa nyumbani amepumzika. Akasikia pu! pu! pu! Akasikia mwanamume akiguna. Akasikia sauti ya Wacera, kavu kabisa, ikisema: bado! sasa upande wa pili! usihurumie, nataka ilainike! Wekulo hakungoja zaidi. Alivaa shati, akaenda kumwita Mzee Zedekiah, yule mzee wa kanisa anayestaafu, wakaja mbio kuniokoa.

Walinikuta jikoni, nilimokuwa na shughuli zangu. Macho yangu yalikuwa yanatiririka machozi kwa sababu ya vitunguu vilivyokuwapo karibu. Kichwani nilikuwa na unga ambao ulinirukia. Kiunoni nilikuwa nimefungwa leso ya Wacera kwa sababu ya baridi, na wewe mwenyewe unaijua baridi ya Agosti. Mzee Zedekiah alinishika mabega akaniombea kwa sauti. Kisha akamgeukia Wacera akampa mawaidha juu ya upole katika ndoa. Nikafungua mdomo nieleze, lakini wakati huo steki ilikuwa tayari, na wewe ungefanyaje? Mgeni hafukuzwi chakula kikipakuliwa. Wakaketi.

Walikula, mama. Walikula huku wananiambia pole. Wekulo alifuta sahani yake kwa ugali mpaka maua ya sahani yakaonekana, akauliza kama kuna kipande kilichobaki, kikapatikana, kilikuwa changu. Kisha wakatoka, mchuzi wetu ukiwa bado kwenye masharubu yao, wakaenda kuutangazia mtaa mzima kwamba Naftaly anapigwa na mkewe. Kuhusu steki hawakusema hata neno moja!

5. Wenzangu. Vijana wa pale kona wananisalimia siku hizi kwa kuniuliza: Buda, leo uko fiti? Apondi, mama anayeuza mboga karibu na lango letu, ameniletea dawa ya kuchua na kukataa malipo. Haya yote ningeyavumilia. Lakini Jumatatu jioni alikuja kibandani kwangu mwanamume mmoja wa Makongeni, mtu mkubwa, mabega kama mlango. Aliketi juu ya mbao, akavuta pumzi, akasema kwa sauti ya chini, hata mimi. Jana akamleta mwenzake. Wanasema wako wengi kuliko watu wanavyodhani na hawajawahi kupata mtu wa kusimama mbele. Wanataka tuanzishe chama, mimi niwe mwenyekiti. Mama Nabwire, mimi nilitaka kuwa mzee wa kanisa!

Na kuna Wacera. Haki ya Mungu, huyo mwanamke hajawahi kuniinulia hata mwiko. Ndiye rafiki wa kweli niliye naye katika mji huu, na sasa kila akipita na ndoo watu wananong'ona. Kwa kosa gani? Kwa kuwa na sauti ya kusikika. Naumia nikifikiria hivyo, na nimeona nisinyamaze.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, naomba yafuatayo. Kwanza, chakula hicho kiondolewe katika mafundisho yako mara moja, na akina mama wafundishwe vyakula visivyopigwa, kama vile kabeji. Pili, kwa kuwa wewe ndiye msomaji wa matangazo kanisani, Jumapili hii kabla ya uchaguzi usimame utangaze kwamba kilichopigwa nyumbani kwa Naftaly Ndung'u ni steki, na ni steki peke yake. Nitakuletea nyundo uinue juu watu waione, na walio nyuma wainuse. Tatu, Wekulo na Mzee Zedekiah wasimame wakiri walichokula. Ikiwa hayo hayatatosha, naomba umwandikie yule Mmarekani wa Karen aje ashuhudie mwenyewe kwamba kwao pia nyama hupigwa na ndoa hubaki salama. Na hilo likishindikana, basi halmashauri ya jiji iombwe kuongeza unene wa kuta za Mbotela kabla ya Jumamosi.

Naamini utaona kwamba sijaomba kitu kikubwa. Nisalimie mzee wako na watoto, nisalimie akina mama wote wa kikundi, na hata Wekulo ukimwona kwenye kwaya, mwambie sina kinyongo ila kile kipande kilikuwa changu.

Wako katika majaribu,

Naftaly Ndung'u
Fundi Seremala

Nyongeza: Wacera ameisoma barua hii na amecheka mpaka akakosa pa kushika. Anasema ukitangaza, utangaze yote. Kwamba aliyeshika nyundo ni mimi, na aliyekuwa akiguna ni mimi. Kwamba vitunguu nilikata mimi, unga nilipaka mimi, mchuzi nilikoroga mimi, na leso haikuwa ya baridi. Yeye alikuwa ameketi kwenye kigoda na kikombe cha chai, ananisomea maagizo yako: bado, sasa upande wa pili, usihurumie. Na imekuwa hivyo tangu Jumamosi ya kwanza.

Mama, hayo siwezi kuyasikia yakitangazwa mbele ya Thuo na Phares. Afadhali nijulikane kuwa napigwa. Wacera anasema yeye hana shida, kwani siku hizi akifika bombani wanawake wote wanampisha na hakuna anayemruka foleni. Basi usitangaze kitu.

Na kuhusu uzee wa kanisa, futa jina langu, mpe Wekulo, mwenye masikio makali. Mikutano yao ni Jumamosi alasiri, saa ile ile mafuta yangu yanapopata moto. Bado nilikuwa nataka kwenda, nakwambia kweli, tai iko pale inaning'inia. Lakini jana Wacera aliniambia kwamba tangu tuoane, mwezi huu ndio wa kwanza yeye kula nyama ya Jumamosi ikiwa moto.

Jambo moja tu linanisumbua. Mchuzi wangu unaingia madonge. Je, maziwa hutiwa yakiwa baridi au yakiwa yamepashwa? Tafadhali nijibu kabla ya Jumamosi.