Karibu ya Bu Sumirah

Jumatatu, 3 Juni
Jumamosi mkutano wa mtaa utaamua nani aruhusiwe kuleta watalii vichochoroni mwetu: mimi au Tarno. Lazima niwe mimi! Tarno ana masharti yake: wageni wavae kwa heshima, waombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Kujipendekeza tu. Mimi nitawaonyesha ukarimu wenyewe. Bu Sumirah, mjane wa pale kona, kila nikipita husema nikaribie ndani, nile. Hapa mjini Yogyakarta kila mtu husema hivyo kwa adabu. Hakuna anayeingia. Basi mimi nitaingia.

Jumatano, 5 Juni
Nimeingia. Na Waholanzi kumi! Bu Sumirah alishtuka, akatabasamu, akatandika mkeka. Visanduku vya wali na kuku vimejaa sebuleni, tayari kabisa. Nilijiuliza kidogo mbona vingi. Kidogo tu. Wageni wakala, wakabeba na vya njiani. Mmoja akapiga picha ya marehemu ukutani.

Tunaaga, Tarno huyo na mikeka begani. Akaniuliza kwa upole kama nami nimekuja kusaidia hitma. Hitma gani? Ya siku mia tangu afariki mumewe Bu Sumirah, jioni hii. Jamani! Nilitamani ardhi inimeze. Mama wa watu akawahi kumwambia Tarno, "Chakula kimeniharibikia, mwanangu. Itabidi tupike upya." Hakunitazama.

Alhamisi, 6 Juni
Nimepita njia ya nyuma. Jana mama yangu naye alikwenda kumenya vitunguu. Kutwa anamsifu Bu Sumirah, anamhurumia kwa chakula kuharibika. Anauliza mbona sili. Nitakulaje?

Jumamosi, 8 Juni
Mzee wa mtaa, Pak Wiryo, aliuliza nani ana neno juu yangu. Bu Sumirah akainuka. Akanisogezea chai. Afadhali angenitukana! Nikasimama, nikasema Tarno anafaa zaidi. Watu wakausifu unyenyekevu wangu. Aibu juu ya aibu.

Jumapili, 9 Juni
Sikulala. Leo naenda kumpigia Bu Sumirah magoti, nimwombe radhi kama tuwaombavyo wazee sikukuu ya Idi. Nimenunua sukari na majani ya chai. Nimevaa batiki. Wafaransa wanne wananifuata. Hawajawahi kuona Mjawa akitubu. Ruhusa ni ya Tarno, najua, ila haya si matembezi, ni toba. Nimewaasa wavue viatu mlangoni, na wasipige picha kabla sijaanza kulia.