Swichi Kwenye Goti la Dada Yako

Kwako Shemeji, Fundi Umeme wa Magari,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SWICHI YA SPIKA ZA NYUMA

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya njema na mikono safi, ingawa kwa kazi yako hilo la pili silitarajii. Najua tunapakana ukuta na ningeweza kukuita dirishani. Nimeamua kuandika kwa sababu siku hizi kila nikifungua mdomo kuna mtu ananizima, na kifaa cha kunizimia amepewa na wewe.

Utakumbuka nilikuletea gari langu uniongezee spika mbili kubwa kwenye buti, pamoja na amplifaya yake. Dada yako, ambaye ndiye mke wangu, akakubali kwa sharti moja: pawe na swichi ya kuziwasha na kuzizima, zile ndogo za milangoni zibaki zikiimba kistaarabu. Nikasema sawa. Ukaukata ule waya mwembamba unaotoka kwenye redio kwenda kuiamsha amplifaya, ukaupitisha kwenye swichi, ukafunga kila kitu vizuri. Kazi yenyewe sina neno nayo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mahali. Swichi hukuiweka chini ya usukani. Uliiweka upande wa abiria, palepale goti la dada yako linapokaa. Nilipouliza ukanijibu huku unafuta mikono, "Waya umeishia hapo, shemeji." Shemeji, gereji yako imejaa nyaya mpaka kuku wanatagia humo. Waya hauwezi kuishia kwenye goti la ndugu yako kwa bahati mbaya.

2. Heshima yangu mtaani. Pale kwa vinyozi vijana walikuwa wakiniita Tetemeko. Nikikata kona, vioo vyao vinacheza na wao wanasimama. Jumamosi ya kwanza baada ya kazi yako nikakata kona, wakasimama, kinyozi mmoja akakiacha kichwa cha mteja nusu. Tik! Dada yako alibonyeza kwa goti, uso kaugeuzia dirishani kama mtu anayesoma mabango. Midundo ikakatika. Zikabaki zile za milangoni, zinalia kama nyuki kwenye chupa. Sasa hivi vijana wananiita Bwana Zimwa, na wengine wananipa pole.

3. Mama yenu. Nilimpeleka kliniki, akakaa mbele kama anavyostahili, dada yako nyuma. Akaiona swichi, akauliza ni ya nini. Dada yako akamjibu, "Ya kumnyamazisha, Mama." Nilitarajia aseme "kuzinyamazisha". Redio haikuwa hata imewashwa, shemeji! Nilikuwa namweleza Mama namna madaktari wangepaswa kupanga foleni zao. Mama akanyoosha kidole: tik. Kidole cha Mama hakikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba nilinyamaza, na tulipofika Mama akasema safari haijawahi kuwa fupi hivyo.

4. Ugonjwa umeingia ndani ya nyumba. Jana mezani nilianza kueleza kwa nini mimi ndiye ninayefaa kuongoza kamati ya maji ya mtaa. Dada yako akagonga kikombe kwa ukucha. Tik. Nikarudi kwenye sahani yangu. Na mezani hakuna waya wowote!

5. Ombi. Fundi mwingine kanishauri tuweke swichi mbili zinazofuatana kwenye waya mmoja, yangu na yake. Nikamuuliza zitafanyaje kazi. Akasema kila mmoja ataweza kuzima, ila hakuna atakayeweza kuwasha bila mwenzake. Nikamwambia hiyo tayari ninayo, inaitwa ndoa. Mimi nataka swichi moja tu, upande wangu, kabla ya Jumamosi, maana gari langu limeombwa liongoze msafara wa harusi. Ukikataa, nitalifikisha suala hili kwa Mama. Au hapana, nitalifikisha kwingine.

Wasalimie wote huko upande wa pili wa ukuta: mkeo, wanao, na wateja wanaosubiri magari yao tangu mwaka jana.

Ni mimi shemeji yako, mwenye gari asiye na sauti.

N.B. Kabla ya kuifunga barua nimefungua kile kifuniko kidogo cha swichi ili nipige picha ya ushahidi. Nyaya zote mbili zimechomolewa kwenye swichi, zikaunganishwa zenyewe kwa zenyewe na kufungwa tepu. Swichi haizimi kitu. Dada yako anasema ulifanya hivyo mwezi uliopita, ulipokuja kubadilisha betri, kwa kuwa ilikuwa imeanza kulegea, na tangu hapo spika za nyuma hazijawahi kuzimika. Nikamuuliza, basi nani amekuwa akizizima? Akanionyesha mkono wangu. Eti kila akibonyeza, mkono huo unakwenda wenyewe kwenye redio na kupunguza sauti, huku mimi naendelea kumlaumu yeye. Shemeji, tafadhali njoo kesho asubuhi uiunganishe tena swichi ifanye kazi, na uiache hapohapo kwenye goti lake. Na Mama asijue.