Magoti Yangu na Ndugu Yangu Fuad

Ndia Kuu, Mombasa

Daktari Truphosa, binti yangu,

Natumai u mzima na wazazi wako hawajambo. Mimi ni Sheikhan, yule mzee wa magoti na tumbo uliyemtibu kliniki ya Kizingo mwezi uliopita. Ulinieleza kwa upole kwamba vyakula vya mafuta na sukari huchochea mwili kuvimba kwa ndani. Hilo nililikubali. Kisha ukaniuliza kama nina jambo linalonisumbua, ukaandika neno "moyo" kwenye faili langu. Hilo sikulikubali, na malalamiko yangu ni haya:

1. Nimeacha mahamri, kaimati na viazi karai. Mke wangu, Swabaha, amenichemshia mchicha kwa siku ishirini na sita. Juzi paka alinusa sahani yangu, akaniangalia kwa huruma.

2. Uliniagiza niandike kila ninachokula na kila maumivu. Jumatatu: mchicha, sikuumwa. Jumanne: mchicha, sikuumwa. Jumatano: mchicha, kisha nikamwona mdogo wangu Fuad kule Biashara Street akichagua leso. Magoti yakavimba papo hapo, nikarudi nyumbani kwa tuktuk. Ijumaa nilimwona msikitini, safu ya mbele. Tumbo likawaka hata hotuba sikuisikia.

3. Ni dhahiri, basi, kwamba Fuad ni chakula. Hula viazi karai kila asubuhi, na mafuta yale humtoka mwilini yakanijia kwa hewa. Kwa nini yeye hayamdhuru, hilo nakuachia wewe uliyesoma.

4. Huenda ukadhani ni kwa sababu hatusemezani. Kweli hatusemezani, huu mwaka wa pili, tangu harusi ya binti yangu Aida, Fuad aliposema mbele ya wageni kwamba pilau niliyoisimamia imerojeka kama bokoboko. Lakini hayo yamekwisha na siyakumbuki kabisa. Ilikuwa Jumamosi, saa saba na robo, naye alivaa kanzu ya rangi ya maziwa.

Kwa hivyo naomba ulifute neno "moyo", na uniandikie cheti chenye muhuri kinachomkataza Fuad kunikaribia kwa hatua hamsini, kama ulivyonikataza sukari.

Nisalimie wauguzi wote, na Barnabas wa mapokezi aliyenishika mkono kwenye ngazi. Swabaha pia anakusalimu. Mengine amesema atakueleza mwenyewe.

Mgonjwa wako mtiifu,
Sheikhan

Baada ya sahihi: Bahasha sijaifunga, Fuad akapiga hodi. Kumbe Swabaha alimpelekea habari kwamba siwezi kutembea. Aliketi, akayatazama magoti yangu. Kisha akasema, "Kaka, siku ile nilikuwa karibu kulia kwa sababu Aida anaondoka. Nikaisingizia pilau ili watu wasinitazame macho."

Mimi mwenyewe siku ile nilijificha jikoni kwa sababu hiyo hiyo. Swabaha akaleta mahamri na mbaazi za nazi. Tumekula kumi na moja. Nimeyasubiri maumivu mpaka alasiri, hayakuja.

Cheti usiandike. Neno "moyo" liache, ila liandikwe kwa herufi ndogo. Jioni hii nilipanda ngazi zote hadi darini kutafuta miwani, na nilipofika juu ndipo nilipokumbuka kwamba nina magoti.