Idara Iliyofuta Usingizi

Kwa heshima na taadhima, umma ulitangaziwa kwamba kuanzia siku hiyo, dawa ya kutuliza miguu inayowaka moto kwa sababu ya kisukari haileti tena usingizi. Mkurugenzi wa Idara ya Madhara ya Dawa alikuwa ameufuta usingizi kwenye orodha rasmi kwa kalamu yake mwenyewe.

Dawa hiyo alikuwa akiimeza yeye pia. Kisukari kilikuwa kimeharibu mishipa ya fahamu ya nyayo zake, na dawa ilimtuliza miguu ikamlaza na kichwa. Bosi wa kusinzia vikaoni ni aibu tupu. Badala ya kumwomba daktari apunguze dozi, akapunguza orodha. Alijiona mjanja kweli, masikini.

Siku chache baadaye akaingia ofisini mwake fundi cherehani, kidole kimefungwa bendeji.

“Mzee, dawa inanilaza kazini. Juzi nimejishona kidole, na kwa kuwa kisukari kimekiondolea hisia, nikaendelea tu.”

“Huo si usingizi, mama. Ni mapumziko yasiyoratibiwa.”

“Mapumziko gani, na kidole kiko ndani ya pindo la suruali ya mteja? Daktari anasema hagusi dozi mpaka usingizi urudi kwenye orodha. Nitabaki na vidole vingapi?”

Mkurugenzi alimwonea huruma, akaitisha kamati papo hapo. Idarani humo, tangu alipochoka kusaini, kuinamisha kichwa kwake kulihesabiwa kuwa saini yake. Karani akasoma ombi la fundi. Kichwa cha Mkurugenzi kikashuka taratibu. Muhuri ukagongwa: pa!

Karani, mtu wa utaratibu, akaendelea na maombi mengine yote ya jalada. Ofisi kubwa apewe makamu wake. Kichwa kikashuka. Pa! Mkurugenzi astaafu kwa hiari. Safari hii kidevu kiligonga meza. Pa! Pa!

Kishindo kikamwamsha.

“Futa hayo! Nilikuwa nimelala!”

Karani akafungua orodha kwa adabu. “Mzee, usingizi umerudishwa, ila unaanza kutumika kesho. Leo ulikuwa macho.”

Mkurugenzi akatafuta kanuni ya kumwokoa. Zote alikuwa amezitunga mwenyewe, na hakuna hata moja iliyomfaa. Akajikuta anacheka, machozi yakimlengalenga.

Fundi akamshika mkono kumsaidia kusimama.

“Usijali, kaka. Kesho tukutane kwa daktari. Ila wahi, foleni ni ndefu, na sisi wengine hatuna makamu wa kutushikia nafasi.”