Mthai Lazima Ahamie Kwangu

Jumatatu, 7 Agosti 1995
Mthai kaingia Masasi! Mnunuzi wa mawe ya thamani ya Tunduru. Tangu serikali ifungulie biashara tumeona watu wa kila namna, lakini huyu kafikia kwa Theodora! Theodora jirani yangu, ambaye choo chake kina mlango wa gunia! Fakihi, mkalimani wake, anasema Mthai anatafuta nyumba ya kupanga mwaka mzima, na atakayoipenda ataiezeka bati jipya. Bati! Mimi mvua zilizopita nililala na sufuria tumboni, naisogeza kila panapovuja. Bati hilo ni langu.

Nikamwita Fakihi anieleze adabu za Wathai. Kaanza: kichwa ni kitukufu, hakiguswi. Nyayo ni uchafu, usimwelekezee mtu. Mfalme wao hadharauliwi hata kwenye picha. Usipaze sauti. Nikapaza sauti. Mimi ni mwana wa Mkunya, kule Newala, nimelea watoto saba. Adabu nafundisha, sifundishwi.

Jumanne, 8 Agosti
Kaja kuona nyumba. Kavua viatu mwenyewe mlangoni. Kabananisha viganja, kainama. Kumbe Mwanglikana! Nikamsalia Baba Yetu yote, naye kainama mpaka Amina. Kijana kalelewa. Watoto wa Theodora hata shikamoo inawakwama kooni.

Nikampa kigoda. Mimi nikakaa mkekani kama mwanamke aliyechezwa unyago: miguu nimeinyoosha mbele, magoti nimebana, kanga mpaka vifundoni. Kasogeza kigoda kushoto. Mgeni hapewi mgongo, nikageuka naye. Kasogea kulia. Nikageuka. Tukazunguka chumba hivyo hivyo mpaka kigoda kikatokea uani! Fakihi ananinong'oneza, mama, nyayo! Nikamwambia nimezisugua kwa jiwe tangu alfajiri, uchafu akautafute kwingine.

Alhamisi, 10 Agosti
Theodora kanicheka bombani mbele za watu. Eti yeye kwa Mthai hukunja miguu nyuma kama panzi. Nikamwambia panzi huishia kwenye kikaango.

Nikapika ming'oko, viazi vyetu vya porini, kwa pilipili ya kutoa machozi. Kala yote! Kasema, kwa kinywa cha Fakihi, nyumba yangu ina upepo mzuri, huenda akahamia. Huenda! Hapo si pa kuacha mambo yapoe. Kichwa si ndicho kitukufu? Sasa kitu kitukufu kinaachwaje bila baraka? Hata altare hutandikwa kitambaa. Nikachota unga mweupe, nikamwekea utosini, nikaukandamiza kwa kiganja, nikawataja wazee wangu wote, wa Mkunya na wa ng'ambo ya mto. Fakihi kafumba macho. Mthai katabasamu. Baadaye Fakihi kaniambia Wathai hutabasamu hata wakiudhika. Wivu tu! Yeye hajabarikiwa.

Jumamosi, 12 Agosti
Karudi! Fakihi kamweleza kwamba bibi huyu kelele nyingi lakini moyo mweupe. Kaja na futi ya kupimia paa! Nikamwona Theodora kachungulia uani kwake, shingo imerefuka kama ya bata. Nikamwimbia mafumbo.

Mthai anatoa futi mfukoni, mara sarafu ya kwao ikadondoka, ikabiringika kuelekea shimo la panya. Mali ya mgeni ipotee nyumbani kwangu? Ng'o! Nikaikanyaga, pa! Fakihi kapiga yowe kama kaona koboko. Nikainua mguu: uso wa mfalme wao, umejaa tope. Basi nikamtemea mate, nikamsugua kwa pindo la kanga mpaka akang'aa. Nani mwingine angemfanyia mfalme hivyo?

Mthai katabasamu kupita siku zote. Kavaa viatu. Kaondoka na futi yake.

Jumapili, 20 Agosti
Mahubiri sikuyasikia. Nyundo za bati kwa Theodora, pa, pa, pa, hata Jumapili! Aliyeniharibia ni Fakihi. Kanieleza adabu nusunusu, nusu nyingine kampelekea Theodora.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Jana kaingia mnunuzi mwingine, wa Sri Lanka, naye anatafuta nyumba. Fakihi kaja kunieleza adabu za kwao. Nikamfukuza na mwiko. Wageni nimekwishawajua! Nyayo nimesugua. Unga nimechekecha. Na huyu nimemwona sokoni, ana upara. Baraka itafika bila kuzuiwa na nywele.